Paneli, mikaratusi na nyasi: kisa cha kituo kimoja cha afya Nairobi

Asubuhi ya Ijumaa, Septemba 6, 2024, saa tatu kasoro dakika chache, stima ilipotea karibu nchi nzima. Nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu kupata chanjo katika kituo cha afya cha mtaani kwetu, mashariki mwa Nairobi, si mbali na barabara ya Outer Ring. Juu ya paa la kituo kulikuwa na paneli 24 za sola zilizofungwa miezi mitatu tu kabla ya siku hiyo. Ndani kulikuwa giza. Sista mkuu alitoka nje, akatazama paa, kisha akaniuliza mbele ya foleni nzima ya akina mama: "Mzee, hizi tulifungiwa za urembo?"

Alikuwa na haki ya kuniuliza mimi. Mimi ni mwanakamati wa kituo hicho, na kazi yangu ni ufundi wa stima, zaidi ya miaka thelathini sasa. Mchoro wa sola ulipita mikononi mwangu na nikauidhinisha. Naandika kisa hiki chote, pamoja na habari ya miti na nyasi iliyofuata, kwa kuwa naona vituo vingine vya umma vikielekea palepale tulipoteleza.

Haja ya sola ilianza mwaka mmoja nyuma, Ijumaa nyingine, Agosti 25, 2023. Mtakumbuka gridi ya taifa ilianguka saa nne kasorobo usiku. Katika wodi yetu ya uzazi kulikuwa na mama wawili waliokuwa karibu kujifungua. Jenereta ilikataa kuwaka. Betri yake ya kuwashia ilikuwa imekufa zamani na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiijaribu. Watoto wote wawili walizaliwa kwa mwanga wa simu. Simu moja ilishikwa na bawabu, amesimama mlangoni, mkono umeelekezwa ndani na uso ameugeuzia ukutani kwa heshima. Watoto na mama zao walikuwa salama. Sista aliyekuwa zamu usiku ule aliomba uhamisho mwezi uliofuata, na sote tulimwelewa.

Kamati ilipokaa, kila mtu alisema sola. Mmoja wetu akatolea mfano jengo la Umoja wa Mataifa kule Gigiri, lililofunguliwa Machi 2011, lenye mita za mraba 6,000 za paneli na ofisi za watu 1,200. Ni mfano mzuri, ila wenzetu wale walichora jengo na sola yake pamoja, kwenye karatasi moja. Sisi tulikuwa na nyumba ya miaka ya sabini, paa la mabati na mbao ambazo fundi seremala alipozigonga upande wa kaskazini zilitoa unga wa mchwa. Paneli moja ya wati 550 ina uzito wa karibu kilo 28. Ishirini na nne ni zaidi ya kilo 650, bila kuhesabu vyuma vya kuzishikia wala upepo. Sehemu ya pesa za mfadhili ikaishia kwenye mbao kabla paneli hata moja haijapanda juu. Pesa zilizobaki hazikutosha betri, na mkandarasi akatuambia betri zitakuja awamu ya pili.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulisikia "kilowati 13" na "bili itashuka", tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza swali la usiku ule wa Agosti: je, stima ikipotea? Mimi nilijua jibu. Sikulisema kwa sauti, kwa kudhani kila mtu analijua.

Jibu lenyewe ni hili. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika jengoni, ikiwa ni ya kufungwa na gridi haijiendeshi peke yake. Inafuata mdundo wa gridi, mara 50 kwa sekunde, na mdundo ule ukikatika inajizima makusudi hata jua liwe utosini. Sababu ni ya uhai wa mtu. Fundi wa shirika la umeme akipanda nguzo kurekebisha laini, anaamini waya umekufa. Sola ya nyumba fulani ikiurudishia moto waya ule, fundi anauawa na jirani asiyemjua. Kwa hiyo inveta inafanya haki inapojizima. Ukitaka taa iendelee kuwaka unahitaji inveta ya aina nyingine, betri, na swichi ya kukitenga kituo na gridi kabla ya kujilisha chenyewe. Bila hivyo vitu vitatu, paneli za paa lako zinalala pamoja na gridi na kuamka nayo.

Na kuna jambo ambalo katika nchi yetu lingepaswa kusemwa mwanzo wa kila mradi wa namna hii. Umeme wa gridi ya Kenya, takriban asilimia 90, tayari unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na vyanzo vingine visivyochoma mafuta. Maelezo ya miradi yanayotoka nchi zinazochoma makaa ya mawe husifu sola kwa kupunguza moshi. Hapa kwetu moshi wa kituo cha afya unatoka kwenye jenereta yake ya dizeli, na jenereta huwashwa stima ikipotea. Sola isiyo na betri haigusi moshi huo hata kidogo. Inapunguza bili, nayo bili si jambo dogo, lakini mama aliye leba saa nane usiku haoni tofauti.

Baada ya siku ile ya Septemba tuliomba muda, tukafanya kazi ambayo ingetangulia: kupima mzigo. Sista mkuu na mimi tulipita chumba kwa chumba na daftari. Tulitenga vitu visivyoruhusiwa kuzimika. Friji za chanjo, ambazo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Mashine ya oksijeni, karibu wati 350 mfululizo. Taa za uzazi, za maabara na za korido. Kifaa cha kufyonza ute wa mtoto mchanga. Kompyuta moja ya faili. Vyote pamoja havikufika hata kilowati moja, na kwa usiku mzima vilihitaji kama kilowati-saa 10 au 11. Nilishangaa, mimi mwenye kazi yangu. Tulikuwa tumeogopa gharama ya betri za kuendesha kituo kizima, kumbe uhai wa kituo usiku unaenea kwenye betri za kilowati-saa 20 na akiba inabaki. Mtungi wa kuchemshia vyombo ndio mlafi mkubwa, na huo unaweza kusubiri jua.

Sasa niingie kwenye miti, maana huko ndiko tulikojifunza zaidi.

Kwenye ua wa magharibi kulikuwa na mikaratusi sita, mirefu kama mita 25, umbali wa mita 15 hivi kutoka jengoni. Mti huu si wa hapa. Uliletwa kutoka Australia mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya kuni za treni, na bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, ilikuwa mahali pa kujaribia miti ya haraka ya kulisha reli. Ile sita ya kwetu ilipandwa miaka ya tisini na msimamizi wa wakati huo aliyetaka kivuli upesi, na kivuli alikipata. Miaka mingi akina mama wamesubiri zamu chini yake. Hapo ndipo Shosho, bibi muuza uji, alikuwa akiweka sufuria yake.

Mkandarasi alitaka miti ikatwe yote mara moja, na kwa hesabu alikuwa sahihi. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo jua la saa tisa na nusu alasiri linakuwa nusu ya njia kati ya utosi na upeo, na wakati huo kivuli cha mti kinalingana na kimo chake. Mita 25 za mti, mita 25 za kivuli. Saa moja baadaye kivuli kinapita mita 40. Paneli zetu zilikuwa zimeunganishwa kwa mnyororo, na katika mnyororo paneli moja iliyofunikwa huzivuta nyuma na zilizo juani. Kwenye simu grafu ya kila siku ilionyesha mlima mzuri hadi saa tisa, kisha genge.

Niongeze hapa jambo kwa mafundi wenzangu. Vitabu vya kigeni husema usipande mti mrefu upande fulani wa jengo, kusini au kaskazini kutegemea nchi ya mwandishi. Kanuni hiyo haitusaidii. Sisi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini. Pande zote mbili huguswa kwa zamu, ila si kwa ukali, kwa kuwa jua la adhuhuri kwetu haliinami sana. Hatari yetu ni mashariki na magharibi, mwaka mzima.

Shosho alisikia habari ya msumeno akanijia. "Mwanangu, mkikata hii miti, hawa watoto mtawaweka wapi?" Sikuwa na jibu, na kamati ikagawanyika. Wengine walitaka paneli zihamishwe, wengine miti ing'olewe na ipandwe mingine "ya kiasili" mahali pake, ili tusionekane wabaya wakati nchi nzima inahimizwa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Pendekezo hilo la pili lilipendwa sana. Orodha ikaandikwa: mutamaiyu, muhugu, muiri, muthiga. Miti mizuri, ya nchi hii, na imekatwa mno.

Binti mmoja mhudumu wa afya ya jamii, mwenye diploma ya kilimo, ndiye aliyetuamsha. Alisoma orodha kimya, kisha akasema, "Wazee wangu, hii ni miti ya msitu wa Karura. Huku kwetu haikuwahi kuwa na msitu."

Ni kweli, na ukiishi Nairobi unalijua hata kama hujalifikiria. Mji huu umekaa kwenye mpaka wa nchi mbili. Kaskazini na magharibi kuna udongo mwekundu, mabonde na misitu, na huko Karura watu wamefanya kazi ya miaka mingi ya kuondoa mikaratusi na kurudisha miti ya asili. Mashariki na kusini ni tambarare inayoelekea Athi, udongo mweusi unaonata viatuni mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi kikikolea. Nchi hii ya pili ilikuwa mbuga: nyasi, vichaka, mgunga hapa na pale. Ukitaka kuona uwanja wa kituo chetu ulivyokuwa kabla ya nyumba, simama kwenye uzio wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi utazame ndani. Utaona nyasi ndefu zinazogeuka rangi ya kutu kiangazi, ambazo wataalamu huziita Themeda triandra, na huoni msitu ila kule ukingo wa magharibi na kando ya mto.

Tulipolielewa hilo, ugomvi wetu ulikwisha wenyewe. Tulikuwa tukichagua kati ya paneli na uoto wa asili, wakati uoto wa asili wa pale hauzidi kifua cha mtu. Nyasi hazifuniki paneli. Kilichokuwa kikigombana na sola ni mti wa kigeni, na msitu tuliotaka kuupanda kwa nia njema ungegombana nayo tena baada ya miaka kumi na tano, juu ya udongo usioufaa.

Ugumu ukabaki kwenye karatasi. Fomu ya mfadhili ilikuwa na safu moja tu ya mazingira: idadi ya miche iliyopandwa. Nyasi haina safu. Ilibidi sista mkuu aandike barua tatu kabla ya wao kukubali kuhesabu mita za mraba. Namshukuru hadi leo kwa barua zile.

Kivuli cha Shosho ndicho tulichokijenga kwanza. Tulisimamisha banda la kusubiria, paneli 12 juu, mabati chini yake na nafasi ya hewa katikati. Nafasi hiyo ina kazi mbili: inazuia joto lisishuke kwa waliokaa chini, na inapoza paneli, kwa sababu paneli ikipata joto nguvu yake hupungua. Nguzo tulizichimbia mita moja na nusu hadi tulipofika marram, udongo mgumu wa changarawe. Kwenye udongo mweusi nguzo ya kina kifupi huinuliwa na mvua na kushushwa na kiangazi, na paneli za juu hupasuka vioo. Banda lilipokamilika na Shosho akahamisha sufuria yake, ndipo tulipoleta msumeno, kwa kibali cha kaunti, Januari 2025.

Hata hapo hatukukata yote. Ukuta wa magharibi una ufa unaofunguka kila kiangazi, na fundi wa ujenzi alitueleza kwamba miti mikubwa hunyonya maji ya udongo ule na kuufanya usinyae. Ukiiondoa yote kwa siku moja, udongo unarudisha maji na kuvimba, na msingi unasukumwa juu. Tulikata mitatu Januari na mitatu Julai. Mbao zake ndizo mabenchi ya banda.

Kuhusu nyasi, duka la mbegu halina Themeda. Wanauza nyasi za kapeti za bustani. Mbegu ya Themeda yenyewe ni ngumu: ina mkia unaojisokota ukipata unyevu na kujichimbia ardhini, lakini hulala miezi mingi kabla ya kukubali kuota. Kwa hiyo tulipata ruhusa ya mwenye shamba upande wa Kitengela, tukachimba mashina, tukayagawa kwa mikono na kuyapanda mvua za Machi zilipoanza. Katikati ya mashina tulisia Eragrostis superba, nyasi ya malisho ya nchi kavu ambayo mbegu zake hupatikana kwa wanaorejesha malisho. Kwenye uzio tuliweka mtandamboo na leleshwa, na shubiri kando ya njia. Migunga miwili tu, kona ya chini kabisa karibu na mtaro. Sikutaka migunga karibu na paneli, na yeyote aliyewahi kupita Nyayo Stadium akaona ndege wakubwa aina ya marabu walivyopaka kinyesi cheupe kama chokaa chini ya migunga ile ananielewa.

Maji yalikuwa rahisi kuliko yote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa letu ni kama mita za mraba 400, hivyo mvua moja nzuri ya milimita 25 inakaribia kujaza tangi la lita 10,000. Maji hayo yaliponya mashina wiki mbili za jua kali la Aprili, na ndiyo tunayooshea paneli.

Upinzani ulitoka nilikokuwa sikutazamia. Nyasi zilipofika kiunoni akina mama walianza kusema nyoka. Sikuwapuuza. Mwanamke anayeongozana na mtoto wa miaka miwili hawezi kuambiwa asubiri sayansi. Tulikata ukanda wa mita mbili kila upande wa njia na kuzunguka banda, ukawa mfupi kabisa, na nyasi ndefu zikabaki nyuma ambako hakuna apitaye. Kabla hatujakubaliana hivyo, kijana wa usafi, kwa bidii yake, alikuwa ameshafyeka robo ya uwanja asubuhi moja akidhani ni uchafu. Mashina mengi yalichipua tena, kwa kuwa nyasi za mbuga zimezoea kuliwa na wanyama. Sehemu iliyokufa kabisa ni njia ya mkato kutoka geti hadi dirisha la dawa. Watu waliipita kabla yetu na wataendelea kuipita, kwa hiyo tumeimwagia kokoto.

Betri zilifungwa pamoja na banda. Tangu hapo stima imepotea mara nyingi kama ilivyo kawaida ya mtaa wetu, na wodi ya uzazi inajua tu kwa kuona taa za nje za majirani zimezimika. Julai ilitupima. Mawingu ya Nairobi mwezi huo hukaa siku nzima na betri hazikujaa ilipofika jioni, ikabidi kuchemsha vyombo kuwe kati ya saa nne na saa nane mchana tu, amri ambayo maabara hawakuipenda. Jumapili, kliniki ikiwa imefungwa, umeme mwingi hauna wa kuutumia. Sheria ya Kawi ya 2019 inatambua kurudisha umeme kwenye gridi kwa kubadilishana, na ombi letu limewasilishwa.

Kazi ya kila mwezi tumeigawa kwa majina ukutani. Jumatatu ya kwanza, kabla jua halijapata nguvu, paneli zinaoshwa kwa maji matupu na kitambaa laini, zaidi Januari na Februari vumbi la barabara likizidi. Siku hiyohiyo jenereta inawashwa dakika kumi, hata kama hatuihitaji. Na siku hiyohiyo mtu anapita na panga kwenye visiki sita vya ua wa magharibi, kwa sababu mkaratusi uliokatwa haufi. Mwezi uliopita chipukizi za kisiki cha tatu zilikuwa zimenifika begani.